Nani Aliyevaa Joho? Kuirejelea The Frighteners (1996) kwa Jicho la Msamiati wa Wafu

1.0 Utangulizi

Tarehe 19 Julai, 1996, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa mjini Atlanta, filamu ya The Frighteners ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani. Mwongozaji wake, Peter Jackson wa New Zealand, alikuwa bado hajapata umaarufu alioupata baadaye kwa filamu tatu za The Lord of the Rings (2001-2003). Wahakiki kadhaa walilalamika kwamba filamu haikuamua kama inataka kuchekesha au kutisha, na watazamaji waliokwenda kuiona hawakuwa wengi. Hata hivyo haikufa. Ilihamia kwenye kanda za video, na huko ikapata mashabiki ambao majumba ya sinema hayakuipatia.

Mwanaisimu wa Kiswahili ana sababu gani ya kuirejelea ramsa ya Kimarekani kuhusu mizimu? Swali ni halali, na jibu lake limo katika neno la mwisho la swali lenyewe. Kuiita filamu hii ramsa "kuhusu mizimu" ni kwenda kombo tangu hatua ya kwanza, kwa sababu viumbe wanaochekesha humo si mizimu kwa maana ambayo neno hilo limebeba katika Kiswahili. Aidha, kichekesho chenyewe hakimlengi mfu. Kinamlenga aliye hai anayeufanya woga wa wenzake kuwa mtaji.

Makala hii inadai kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kumtenganisha mfu anayestahili heshima na mtu anayejificha nyuma ya jina lake, na kwamba The Frighteners, kwa namna yake ya kitoto na ya kikatili kwa pamoja, inafundisha utenganisho huohuo. Inadai pia kwamba lugha ya umma ya Kiswahili, hasa katika habari za mauaji, imezoea kuvichanganya viwili hivyo, na kwamba mchanganyiko huo una gharama. Mfano utakaotumiwa ni wa mkoa wa Njombe, ambamo imo Wilaya ya Wanging'ombe na mji wa njia panda wa Makambako.

2.0 Mtishaji na Mteja Wake

Mhusika mkuu, Frank Bannister, aliyeigizwa na Michael J. Fox, alikuwa msanifu wa majengo. Mwaka 1990 mkewe, Debra, alifariki katika ajali ya gari, na tangu siku hiyo Frank akawa anawaona wafu. Kipawa hicho hakikumfanya mtakatifu. Alikigeuza kuwa mradi. Wafu watatu anaoishi nao hutangulia katika nyumba ya mtu, wakarusha sahani na kuinua vitanda, kisha Frank hufika akiwa na kadi yake ya biashara, akawafukuza aliowatuma mwenyewe na kudai malipo. Yeye ndiye ugonjwa, na yeye ndiye dawa.

Mtazamaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu kuhusu mhusika wa aina hii. Kiswahili cha magazeti na cha majukwaa ya viongozi kina istilahi yake: ramli chonganishi. Mpiga ramli wa namna hiyo humwambia mteja kwamba mgonjwa wake amelogwa, humtajia jirani au shangazi kuwa ndiye aliyeloga, kisha humuuzia kinga. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928 na ambayo imerithiwa na Tanzania huru, haimwadhibu tu anayedaiwa kuroga. Inamgusa pia anayejinadi kuwa ana uwezo huo. Kwa sheria hiyo, Frank Bannister angepandishwa kizimbani kabla ya filamu kufikia nusu.

Lakini kuna jambo ambalo watazamaji wengi hulipita upesi. Frank ni tapeli, ila wafu wake ni wa kweli. Filamu haisemi kwamba wafu hawapo na kwamba kila anayewaamini ni mjinga. Inasema kwamba hata kama wapo, bado kuna mtu anayepokea fedha, na huyo ndiye wa kuchunguzwa. Msimamo huu ni tofauti na ule wa msomi anayefuta kila kitu kwa neno moja, "ushirikina", na ni tofauti vilevile na ule wa anayeamini kila anachoambiwa. Ni msimamo wa tatu, na kwa bahati mbaya ndio usio na msemaji katika mijadala mingi.

3.0 Marehemu Kazini

Je, wafu watatu wa Frank waitweje kwa Kiswahili? Swali hili halina budi kumkabili kila mtafsiri. Lingeikabili pia hadhira ya vibanda vya video, ambako mfasiri wa papo kwa papo hukaa na kipaza sauti akiisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili.

Neno mzimu lipo katika ngeli ya m-/mi-, na upatanisho wake ni u-/i-: mzimu umekasirika, mizimu imetambikiwa. Zimwi lipo katika ngeli ya ji-/ma-, na methali imehifadhi upatanisho wake wa kale: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jini na shetani huyumba baina ya upatanisho wa umbo na ule wa viumbe hai, kiasi kwamba msemaji mmoja anaweza kusema majini yamempanda na mwingine majini wamempanda. Marehemu, kwa upande wake, huchukua a-/wa- bila kusita: marehemu ameacha watoto wanne.

Tahadhari inahitajika hapa. Ngeli si imani. Moyo na mkono vimo katika ngeli moja na mti, na hakuna anayedhani kwamba moyo ni mmea. Lugha jirani zinathibitisha kwamba watu wenye mila zinazokaribiana wanaweza kuziweka nafsi za wafu katika ngeli tofauti. Makambako ni mahali ambapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikienda Njombe na Songea, nyingine ikienda Mbeya. Mwisho wa njia ya kwanza Wangoni husema lihoka na mahoka, katika ngeli ya li-/ma-. Mbele ya njia ya pili, huko Rungwe, Wanyakyusa husema abasyuka, yaani waliofufuka, katika ngeli ileile ya watu. Haiwezekani kudai kwamba Mnyakyusa anamheshimu mfu wake kuliko Mngoni kwa sababu ya kiambishi. Msamiati wa Kibena, lugha iliyo katikati ya njia hizo mbili, unastahili tasnifu yake wenyewe, na Idara za Kiswahili na isimu zingefanya vema kumtuma huko mwanafunzi wa uzamili.

Hata hivyo, pale ambapo lugha moja inatoa maneno kadhaa, uteuzi wa neno ni tendo lenye maana. Mzimu, katika matumizi yaliyozoeleka, ni nafsi ya mhenga iliyofungamana na ukoo na mahali. Una wajukuu, una pango au mti wake, na una madai yake ya tambiko. Wafu wa Frank hawana hata kimoja cha hivyo. Cyrus amebaki na mavazi ya miaka ya 1970, Stuart na miwani na woga wake, na mzee aitwaye Jaji amebaki na bastola za enzi za wachunga ng'ombe wa Marekani. Hakuna anayewaita kwa majina isipokuwa tapeli anayewatumikisha. Ni vibarua. Neno linalowafaa ni marehemu, na ndilo linaloleta kicheko katika Kiswahili kuliko katika Kiingereza. Marehemu ni neno la heshima, la msibani, la sauti ya chini. Msimuliaji akisema kwamba "marehemu amechelewa kazini" au kwamba "marehemu wanadai nyongeza ya mshahara", hadhira itaangua kicheko, na kicheko hicho kitakuwa kimezaliwa na sajili ya lugha, si na picha.

Neno jingine linalostahili kutajwa ni kizuka. Katika pwani lina maana mbili: kitu kinachozuka ghafla na kutisha, na mwanamke aliyefiwa na mume akiwa ndani ya eda. Lucy Lynskey, mhusika mkuu wa kike, amefiwa na mumewe Ray, na roho ya Ray inaendelea kumzunguka ikilalamika. Kiingereza hakina neno moja la kuwakusanya mke huyo na mume wake. Kiswahili kinalo: kizuka anatembelewa na kizuka. Mzuka, kwa upande wake, limesafiri mbali zaidi, kwani katika Kiswahili cha vijana wa Tanzania kupandwa na mzuka ni kujawa na hamasa na furaha. Lugha iliyogeuza jina la kitisho kuwa jina la shangwe haihitaji kufundishwa kwamba woga na kicheko ni ndugu.

Hali ya Jaji nayo ina uzito. Mwili wake unachakaa, taya linamdondoka, na wenzake wanamcheka. John Mbiti, katika African Religions and Philosophy (1969), alieleza kwamba mfu hubaki katika Sasa kwa muda ambao wapo watu wanaomkumbuka kwa jina, kisha huzama polepole katika Zamani. Wapo waliompinga Mbiti katika mambo mengi kuhusu dhana ya wakati, lakini picha yake inamfaa Jaji barabara. Huyu ni mfu asiye na mjukuu wa kumtaja, na ndiyo maana anasambaratika. Chini ya mzaha wa filamu kuna huzuni ambayo mtazamaji wa Iringa au Njombe anaielewa upesi, maana katika eneo hilo mfu si mtu wa kupotea hivi hivi. Fuvu la Mkwawa lilidaiwa kwa miongo kadhaa hadi lilipofikishwa Kalenga mwaka 1954.

4.0 Joho na Namba

Nusu ya pili ya filamu inaiacha ramsa na kuingia katika mauaji. Watu wa mji wa Fairwater wanakufa ghafla, mioyo yao ikiwa imebanwa. Frank peke yake anaona namba inayong'aa kwenye paji la uso la kila anayekaribia kufa. Kwenye paji la Ray anaona 37. Muuaji ni umbo lililovaa joho jeusi lenye kofia, na hata marehemu wenyewe wanaamini kwamba ni Malaika wa Mauti. Mtu hashindani na Malaika wa Mauti, kwa hiyo wote wanakimbia.

Mji una njia mbili za kuyaeleza mauti hayo. Wa kwanza wanasema ni bahati mbaya ya magonjwa ya moyo. Wa pili anawakilishwa na Milton Dammers, mpelelezi wa dola aliyevurugika akili, ambaye ameshaamua kwamba Frank anawaua watu kwa nguvu za nafsi yake. Ushahidi wake ni kwamba Frank huonekana karibu na marehemu. Frank huonekana hapo kwa sababu anajaribu kuwaokoa. Dammers ni msaka wachawi mwenye kitambulisho cha serikali, na mantiki yake ndiyo ileile iliyowaponza wanawake wazee wengi wa Usukumani: alikuwapo, basi ndiye.

Ukweli unafichuka joho linapovuliwa. Ndani yake hamna malaika. Mna Johnny Bartlett, mhudumu wa hospitali aliyeua watu 12 mwaka 1964 na kuuawa na dola, na ambaye hata baada ya kufa anataka kuongeza hesabu ili awapite wauaji wengine. Zaidi ya hayo ana mshirika aliye hai, Patricia Bradley, mwanamke ambaye jamii ilimdhania kuwa mhanga. Debra, mke wa Frank, alikuwa wa 13. Kitisho chote kilikuwa na jina, na kilikuwa na mtu wa kukifungulia mlango.

Wasomaji wa riwaya ya Kiswahili watakumbuka kwamba hatua hii si ngeni. Muhammed Said Abdulla aliichukua katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyotolewa mwaka 1960. Humo maiti inakutwa mahali panapoogopwa, na woga wa mahali hapo unatosha kuwafanya watu wasiulize zaidi. Bwana Msa, pamoja na kiko chake na utani wake, anauliza. Hamtukani anayeamini mzimu, na hapotezi muda kuthibitisha kwamba haupo. Anachofanya ni kukataa kuupa mzimu kosa la binadamu. Yumkini ndiyo sababu riwaya hiyo bado inasomeka kwa raha: kicheko chake kinakwenda sambamba na upelelezi, na vyote viwili vinaelekea kwa mtu mwenye jina.

5.0 Lugha ya Januari 2019

Mwezi Januari 2019 habari za watoto waliotoweka na kukutwa wameuawa mkoani Njombe ziliitikisa nchi. Wazazi waliwasindikiza watoto shuleni, na kila mgeni alitazamwa kwa shaka. Makala hii haikusudii kuyachambua makosa hayo, ambayo ni ya polisi na mahakama. Inakusudia kuichambua sentensi iliyoyabeba.

Sentensi hiyo inajulikana kwa kila msomaji wa magazeti: mauaji yanayohusishwa na imani za kishirikina. Kisarufi, imeondoa kila mtu. Mauaji ni nomino iliyotokana na kitenzi ua, ila mtenda amedondoka njiani. Yanayohusishwa ni kitenzi cha kauli ya kutendwa, nacho kimemwacha anayehusisha. Imani za kishirikina ni dhana tupu, na ndiyo pekee iliyobaki mahali ambapo akili ya msomaji inamtafuta muuaji. Matokeo yake ni kwamba imani inaua. Imani haina anwani, haipokei fedha, wala haifungwi pingu.

Hapana shaka kwamba waandishi wa habari wana sababu zao. Mtuhumiwa hatajwi kabla ya kushtakiwa, na tahadhari ya kisheria ni jambo jema. Lakini kutomtaja mtu kwa jina si sawa na kuifuta nafasi yake katika sentensi. Inawezekana kusema: watu wasiojulikana wamewaua watoto, polisi wanachunguza kama kuna aliyewalipa na kama kuna mpiga ramli aliyewaagiza. Sentensi hiyo haimtuhumu yeyote, na bado imebakiza nafasi tatu ambazo upelelezi unapaswa kuzijaza: aliyeua, aliyelipa na aliyeagiza. Ile ya kwanza imezifunika zote kwa kitambaa kimoja. Ni joho.

Tena ni joho linalowadhuru wasiohusika. Kwa kuwa "imani za kishirikina" limekuwa fungu la kila kitu, mzee wa Wanging'ombe anayewatambikia babu zake, mkunga wa jadi anayechimba mizizi, na mpiga ramli anayeagiza kiungo cha mtoto wote wanaingia mlango mmoja. Wa kwanza hana kosa lolote isipokuwa kuwakumbuka wafu wake. Lugha inayomweka pamoja na wa tatu inamtukana huyu na kumsitiri yule.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba filamu za kutisha zenyewe ndizo zilizopanda woga. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na vibanda vya video viliwalea watazamaji wengi. Karishika, filamu ya Nigeria ya miaka hiyohiyo ya 1990 kuhusu malkia wa mashetani aliyetumwa duniani na Lusifa, ilienea sana, na ilifuatiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kazi za Kitanzania za Mussa Banzi kama Nsyuka, ambayo jina lake lina mzizi uleule wa abasyuka, na Shumileta. Katika filamu kama Karishika kitisho hutoka kuzimu na huondolewa kwa maombi. Mwenye kunufaika na woga haulizwi sana.

Lakini filamu haimfikii mtazamaji ikiwa uchi. Matthias Krings amechambua namna Karishika ilivyosimuliwa upya kwa Kiswahili na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, na uchambuzi wake unaonyesha kwamba msimuliaji wa video si mfasiri tu bali ni fanani kamili. Anaongeza, anafafanua, anatania. Anaweza kuliongeza joho au kulivua. Kwa hiyo lawama, kama ipo, haiishii kwa picha; inafika kwenye maneno, na hapo ndipo penye kazi ya wanaisimu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: je, ni adabu kucheka habari za wafu katika mkoa uliozika watoto? Jibu linategemea nani anachekwa. Kumcheka mfu ni utovu wa adabu kokote, na kumcheka mfiwa ni zaidi. Lakini mtishaji anayejulikana kuwa kichekesho huanza kukosa wateja. Mwenye kuuza kinga anahitaji chumba chenye kimya. Mtu mmoja akicheka, wengine huinua macho na kuanza kuhesabu fedha zao. Frank mwenyewe anapona siku anapoacha kuuza woga na kukubali kuutazama msiba wake wa kweli, ule wa namba 13.

7.0 Hitimisho

The Frighteners si kazi kubwa ya sanaa. Sehemu zake za mwisho zina kelele nyingi, na baadhi ya mizaha yake imezeeka kuliko Jaji. Thamani yake kwa msomaji wa Kiswahili imo katika tendo moja: inamvua kofia yule ambaye kila mtu, hata wafu, alimdhania kuwa mauti yenyewe, na kuonyesha uso wa mtu.

Mapendekezo yanayotokana na hoja hii ni machache. Wasimuliaji na watafsiri waache kutumia mzimu kama neno la jumla la kila kinachotokea gizani, maana lina wenyewe. Kanda za wasimuliaji wa video, ambazo zinaharibika kwa vumbi na unyevu, zikusanywe na kunukuliwa kama matini ya fasihi simulizi kabla hazijapotea. Na wahariri wa habari, ambao wengi wao wamepita katika madarasa ya Kiswahili, waulize swali la sarufi kila wanapoandika kuhusu mauaji ya aina hii: kiima ki wapi?

Mwalimu wa shule ya msingi huwafundisha watoto wa Igwachanya na wa Makambako kwamba kitenzi hakikosi mtenda, hata asipotajwa. Ni somo dogo, na watoto hao wanastahili kuona kwamba wakubwa nao wanalikumbuka.